Nilijibu "Ndayemera"

Jumanne, 8 Desemba 2009

Leo nimekwenda misa siku ya kazi. Mimi Damiano! Ilyasi alibaki na saluni, akanicheka mpaka kitana kikamtoka mkononi. Anasema iko siku moja nitaamka nimeshakuwa padri, ju ya Anisia tu.

Anisia anaimba kwaya, sauti ya pili. Sauti ya pili ndiyo inayobeba wimbo — mtu wa kawaida halijui hilo. Mi najua. Nimekaa Kahama, nimekaa Mwanza, Dar nimefika, nimesikia kwaya za kila namna, nyingine za watu walionyolewa na mkono huu.

Ilikuwa sikukuu ya Mariya. Padri alisoma habari za malaika alipomjia yule binti. Kirundi changu ni cha kanisani, nilianza kukiokota upya niliporudi kutoka Tanzania, lakini nilifuata karibu yote. Binti kaambiwa atazaa. Mume hana. Kauliza swali dogo, kajibiwa, kasema sawa, iwe hivyo. Basi!

Mi nikawaza: huyo malaika angenijia hapa saluni angekaa kwenye kiti mpaka mabawa yafe ganzi. Ningemwuliza katumwa na nani. Kwa nini mimi. Kwa nini hakuanza na jirani. Hajazaliwa mtu wa kunikubalisha jambo kabla sijaligeuza pande zote, na ndiyo maana nina miaka thelathini na moja na sijaoa.

Nilimwambia Anisia hivyo nje ya kanisa. Alicheka, akasema ndiyo maana malaika hakunijia mimi.

Bado hajanijibu kama Noeli atanichukua kwa shangazi yake Bukirasazi. Anafikiria. Mi namwacha afikirie. Suruali ya sikukuu ninayo.

Alhamisi, 10 Desemba

Mama kapiga kutoka Giteranyi, kwa simu ya jirani, anaongea mbio kama kawaida. Jeska, binti wa Mzee Thomas jirani yetu, ana mimba. Hataki kusema ya nani. Mzee Thomas ameapa: asipopatikana mwanamume wa kuisimamia, Jeska ataondoka nyumbani kwake kabla ya mwaka mpya, na aende atakakojua. Wazee wanakaa Jumamosi. Wanataka na mimi niwepo.

Jeska! Nilikaa chini.

Huyu si mtu wa hivi hivi kwangu. Mama alirudi kutoka kambi ya wakimbizi ya Lukole, Tanzania, kabla yangu. Mimi nilikuwa bado Kahama najidai mjini, sijui hata kama nyumba yetu ina bati. Mama akaugua. Aliyemtekea maji ni Jeska. Aliyempalilia maharage ni Jeska. Hakuna aliyemtuma, wala hakuwahi kulitaja. Nilipofika akanisalimia "karibu nyumbani, kaka Damiano", akaendelea kufagia uwanja wetu kama vile ni wa kwao.

Mwaka huu alikuwa hapa Gitega, anajifunza kushona, anakaa kwa mama mmoja mtaa wetu wa Musinzira. Asubuhi nilikuwa nampakia kwenye baiskeli mpaka sokoni, maana njia ni moja. Agosti akaondoka. Hakuaga.

Nimejiuliza wazee wananiitia nini. Baada ya kuwaza nimeona ni wazi: wanataka mtu aliyetembea. Pale kijijini mlimani nani mwingine amefika Dar? Nitawaambia polepole kwamba dunia imebadilika, mtoto hafukuzwi. Nitavaa koti.

Jumapili, 13 Desemba

Nimerudi Gitega jioni hii. Nimechoka, lakini nimeshinda. Niandike kabla sijasahau jinsi ilivyokuwa.

Jana tulikaa uwanjani kwa Mzee Thomas. Wanaume kwenye mabenchi, Mama na mama yake Jeska kwenye mkeka. Jeska amesimama karibu na mlango, kitenge amekifunga juu ya tumbo, na tumbo linaonekana. Maneno yalikwenda kwa Kirundi cha wazee, kile cha kuzunguka. Wanataja uzio uliobomolewa. Wanataja ng'ombe aliyeingia shamba la watu. Jambo lenyewe hakuna anayelitaja. Nusu nilishika. Nusu nilitikisa kichwa kama mtu mwenye mawazo mazito.

Mmoja akaniuliza kama baiskeli yangu bado ni nzima. Nikasema ni nzima kabisa, inabeba watu wawili na mlima inapanda. Wakatazamana.

Mwisho Mzee Egidius, ndiye mkubwa wao, akanigeukia, akaacha kuzunguka. Akauliza: "Inda, urayemera?"

Hapo nilishika kila herufi. Inda ni mimba. Na kwemera nani hajui? Kila Jumapili tunasema "Ndemera Imana", namwamini Mungu. Basi mzee anauliza: hii mimba, unaiamini? Nikashangaa moyoni. Kumbe mkutano wote huu bado wanabishana kama mtoto ana mimba kweli?

Nikasimama. "Ndayemera," nikasema. Naiamini. Nikaona haitoshi, nikaongeza "cane", sana, na mkono nikaunyoosha kwenye tumbo lenyewe, wenye shaka waone.

Mama yake Jeska akaanza kulia, lakini kilio cha mtu aliyetua mzigo. Mzee Thomas akaja akanishika mkono kwa mikono yake miwili, hakuuachia. Mtungi wa pombe ukaletwa, na mrija wa kwanza wakanipa mimi, mbele ya Mzee Egidius! Jeska peke yake ndiye hakufurahi. Alinitazama, akafungua mdomo, akaufunga, akaingia ndani.

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi juu ya dunia kubadilika. Sikuhitaji hata moja. Watu wa kwetu wanapenda ukweli, basi tu hawajapata wa kuwaambia.

Jumatatu, 14 Desemba

Mikono bado imejaa nywele za mteja. Naandika hivyo hivyo.

Mama kapiga nikiwa katikati ya kichwa cha mteja. Sauti yake kama ya harusi. Jeska sasa anakula na wenzake, baba yake anaongea naye tena. Mahari wataizungumza taratibu, hakuna wa kunibana. Halafu akasema: "Umeniheshimisha, mwanangu. Nilihisi ni wewe, nikaogopa utakana."

Nikamwuliza, mi nini, Mama?

"Mimba. Si uliikubali mbele ya watu?"

Nikasema mi sikukubali kitu, mi nilisema naiamini. Mama akacheka, akadhani natania kama kawaida yangu. "Ndiyo hiyo hiyo," akasema. "Uliyemera." Simu ikakatika, salio la jirani limeisha.

Mteja alikaa na nywele nusu mpaka Ilyasi akaja kummalizia. Nikamwuliza Ilyasi, yeye kazaliwa hapa Gitega, Kirundi amenyonya: kwemera ni nini? Akasema kuamini. Nikashusha pumzi. Akasema na kukubali. Kuamini, kukubali, kukiri — yote ni neno moja tu. Na mtu akiulizwa kama anayemera mimba, maana yake ni moja, hata mtoto wa shule anaijua: ni yako au si yako.

Nikamwambia nilichojibu. Ilyasi alicheka mpaka akakaa sakafuni kwenye nywele za watu. Halafu akaniangalia usoni, akaacha.

Cane. Nilisema cane!

Jumanne, 15 Desemba

Sijala. Mimi, ambaye hata msibani nakula.

Leo Ilyasi alinikalisha kwenye kiti cha wateja, akanihoji kama polisi. "Bon, ile mimba iko yako?"

"Haiko yangu. Naapa."

"Hata kidogo?"

"Mimba ina kidogo?"

"Alors piga simu, sema Kirundi kilikushinda. Iko rahisi. Watu watacheka wiki moja, itaisha."

Nilishika simu. Nilipata mpaka namba ya jirani. Nikamwona Jeska kwenye ule mlango, nikaizima. Nikisema tu haiko yangu, kiapo cha Mzee Thomas kinarudi palepale, na safari hii kwa hasira ya mtu aliyechekwa. Nikamweleza Ilyasi hivyo.

Ilyasi akachukua ufagio, akafagia mahali palipokwisha fagiliwa. Akasema: "Kwetu Waislamu, Maryam iko na sura yake mzima kwenye Kurani. Na ndani hamna Yusufu. Hamna kabisa. Alizalia peke yake, ameshika mtende, uchungu umemzidi, anasema heri angekufa zamani."

Sikujua hilo. Kila Noeli naona pale kwenye pango la kanisa Yosefu amesimama na fimbo yake, nikadhani ndivyo ilivyo kila mahali. Kumbe kuna watu wanaomsimulia Mariya bila mtu pembeni yake.

"We unataka nioe au nikatae?" nikamwuliza.

"Mi nilikuwa naongea tu," Ilyasi akasema. Akaenda kuswali.

Alhamisi, 17 Desemba

Nimemwambia Anisia. Nilitaka asikie kwangu kabla hajasikia sokoni, na kusema kweli nilitaka acheke. Akicheka, nikawaza, jambo litakuwa dogo.

Alicheka kweli. Alicheka kwenye baiskeli, akacheka kwenye tumbo nililolinyooshea mkono. Halafu akauliza sasa nitafanyaje. Nikasema nitakwenda Noeli niwaeleze kwamba sikuelewa.

Akaacha kucheka. "Na yeye?"

Nikasema yeye yuko kwao, wataelewana.

Akasema: "Damiano, ukimkana huyo, na mimi siku moja nitakuuliza jambo, utaniambia hukuelewa Kirundi."

Nikasema basi nimkubali! Akasema ukimkubali umeoa, unanitafutia nini mimi? Akachukua kitabu chake cha nyimbo, akaenda mazoezini.

Nimepigwa pande zote mbili kwa siku moja, na aliyenipiga hakuinua hata sauti. Nikatembea mpaka nyumbani nikisukuma baiskeli. Sikuipanda. Watu walinisalimia, sijui niliwajibu nini.

Jumamosi, 19 Desemba

Habari imefika sokoni. Wauza mchele wananiita Yosefu. "Yosefu, punda yuko wapi?" Mi ndiye ninayewataniaga, sasa wananirudishia na riba. Nimewajibu punda ni wao. Wamecheka. Mi sijacheka.

Wengine wananipongeza kwa dhati, na hao ndio wabaya zaidi.

Jumapili, 20 Desemba

Nilikwenda misa ya kwanza ili nisimwone Anisia. Nikakaa nyuma, karibu na mlango, kama mtu mwenye deni.

Somo la leo: Mariya kenda kumwamkia ndugu yake Elizabeti milimani. Mimba changa, anapanda milima. Na Elizabeti akamwita mwenye heri. Kwa nini ni mwenye heri? Padri akarudia neno mara mbili: "Yaremeye."

Neno langu!

Alikuwa kwenye altare, hanijui, lakini nilihisi kila mtu kanigeukia. Yaremeye. Kwa Kiswahili tungesema aliamini, tukaenda zetu nyumbani. Kuamini kwa Kiswahili ni kitu cha kichwani, unaweza kuamini huku umelala. Mi mwenyewe naamini mambo mengi sana ambayo sijayanyanyulia hata kidole. Lakini hawa wazee wangu wa Kirundi hawakuacha hiyo nafasi. Kwao huwezi kumwamini malaika halafu tumbo ukalikataa. Ukisema umeamini, umeshabeba.

Nimekaa Jumapili ngapi nikisema "Ndemera" kwa sauti kubwa, tena ya kwanza, ili Anisia asikie? Nilikuwa nasaini kitu bila kusoma.

Watu walipotoka, nilibaki. Si kwa kusali. Nilihesabu mabenchi.

Jumanne, 22 Desemba

Nimeazima Biblia ya Kiswahili kwa mama wa jirani, maana nilitaka kuona mwenyewe kama kuna mlango wa kutokea. Mi niliishia darasa la sita lakini kusoma nasoma, na hesabu za saluni napiga mimi.

Kwanza nilimtafuta Yosefu, kwa kuwa ndiye ninayeitwa. Nimesoma mbele, nimesoma nyuma. Yosefu hasemi kitu! Hana hata neno moja. Anaota, anaamka, anafanya. Na mi sijaota chochote, mi naota nimekosa basi. Yosefu hanisaidii.

Basi nikarudi kwa yule binti. Nimesoma maneno ya malaika taratibu, kidole chini ya mstari. Nilikuwa natafuta mahali anapoulizwa kama anakubali. Hapako! Malaika hakuuliza. Katoa habari tu: utapata mimba, utazaa, utamwita jina hili. Alama ya kuuliza iko moja, nayo ni ya binti mwenyewe, anauliza itakuwaje. Hakuna mahali kaambiwa jibu sasa. Na bado kajibu.

Nimeshtuka vibaya. Mi nilijibu swali ambalo sikulielewa, najiona nimeonewa. Yeye kajibu ambapo hata swali halikuwepo. Hakujua Yosefu atasemaje. Hakujua kijiji kitasemaje, na kijiji kinajulikana. Nilimcheka hapa wiki mbili zilizopita, kwamba hakugeuza pande zote. Sasa naona alizigeuza. Aliona pande zote zina giza, akasema iwe.

Mi ningeweza? Siwezi. Naandika ukweli, hapa hakuna mteja. Namwonea Jeska huruma mpaka kifua kinauma, lakini huruma si kubeba. Mtoto wa mtu nisiyemjua aniite baba maisha yote? Na siku akifanana na huyo mtu?

Kesho kutwa nasafiri. Nitawaambia ukweli. Ukweli si dhambi.

Alhamisi, 24 Desemba

Nimefika Giteranyi mchana, kupitia Karuzi na Muyinga. Mvua imeosha barabara yote. Mama amepaka ukuta udongo mweupe. Kwa ajili yangu. Nikashindwa kumtazama.

Nilimkuta Jeska nyuma ya kwao anapepeta maharage. Amekonda uso, tumbo limeongezeka. Nikaanza na utani, nikasema baba mtoto amefika, tayarisheni ng'ombe. Hakucheka. Akaniwekea kigoda.

"Kaka Damiano, nilijua hukuelewa," akasema.

Nikamwuliza, ulijua?

"Nilikuona usoni. Mtu anayekubali mimba hachekicheki."

Nikamwuliza kwa nini alinyamaza. Akaendelea kupepeta. Akasema siku ile alikuwa amechoka, alitaka alale usiku mmoja bila kutukanwa. Mmoja tu, asubuhi aseme. Halafu asubuhi mama yake akamletea uji, akakaa naye mpaka akamaliza. "Nikasema labda kesho. Kila siku nikasema labda kesho. Unisamehe."

Mi ndiye niliyetakiwa kuombwa msamaha, na nilikuwa naona aibu kama mwizi. Nikamwuliza mwenye mimba ni nani.

"Aliniambia nikiulizwa niseme simjui. Basi simjui."

Hilo akalisema bila chozi. Nikaanza kuokota maharage yaliyodondoka chini. Mimi, ambaye nimewahi kumchekesha askari wa mpakani akasahau kunikagua.

Akasema nisihangaike. Kesho baada ya misa wazee wanakuja kwa Mama kunywa na kupanga siku. Atasimama yeye mwenyewe aseme. "Usiseme wewe. Ukisema wewe utaonekana umenikana, watakuchukia na Mama yako watamnunia. Nikisema mimi, litakuwa langu."

Nikamwuliza atakwenda wapi. Akanyanyua mabega. Ana shangazi upande wa Ngara, labda yuko hai.

"Huogopi?"

"Naogopa sana," akasema. Akanipa ungo nimshikie, akafunga gunia.

Nimerudi kwa Mama. Nilichokuja kukitafuta nimepewa bure, kwenye ungo. Niko huru. Sijui kwa nini nimekaa hapa kama mtu aliyefiwa.

Ijumaa, 25 Desemba. Noeli

Naandika haraka, nimesimama, karatasi iko juu ya sanduku la Mama. Nimewaambia naingia kuchukua koti.

Misa ilikwisha vizuri, watu wamependeza. Tukaja hapa uwanjani. Mzee Egidius, Mzee Thomas, wazee wengine, mama yake Jeska, Mama. Mtungi umewekwa katikati. Kabla mtu hajashika mrija, Jeska akasimama. Akasema kwa Kirundi chepesi, nadhani kwa ajili yangu: mimba si ya Damiano. Damiano hakuelewa alichoulizwa. Mimi Jeska nilijua, nikanyamaza. Kosa ni langu. Akakaa.

Mi nilitazama chini. Nilifikiri Mzee Thomas atapiga kelele, na kelele ningeiweza. Hakupiga. Aliinuka taratibu, akaenda kwake, akarudi na furushi. Lilikuwa limeshafungwa! Hakulifunga leo, vumbi lilikuwa juu yake. Kumbe muda wote huu, huku anakula naye, furushi lilikuwa mahali fulani ndani ya ile nyumba linangoja. Akaliweka miguuni kwa binti yake. Siku ya Noeli, mbele ya watu waliotoka kupokea komunyo.

Mama yake Jeska akaziba mdomo kwa kitenge. Hakuna aliyesema neno. Mi pia sikusema.

Jeska akainama, akalinyanyua.

Ndipo Mzee Egidius akasema ngojeni. Akamwita Waziri, yule Mwislamu mfanyabiashara anayeleta vitenge kwa baiskeli kutoka Tanzania. Alikuwa anapita tu kutusalimia sikukuu. Mzee Egidius akasema safari hii hakuna wa kusema hakuelewa. Kijana aulizwe kwa lugha aliyokulia. Waziri alikuwa hataki, anaona aibu, anapangusa mikono kwenye kanzu. Lakini akauliza, Kiswahili cha Ngara, neno moja moja: "Bwana Damiano. Wanasema si lazima. Binti amekuvua mzigo. Wanauliza tu, mimba hii unaikubali, au huikubali?"

Hapo nikasema nachukua koti.

Koti liko hapa mkononi. Mlango wa nyuma uko wazi, kuna njia inashuka kwenye migomba, baiskeli ya Mama imeegemea pale, mpaka wa Tanzania si mbali. Nimeyaona yote hayo bila hata kuyatafuta.

Waziri anaita tena. Pole, bwana, wanangoja.

Nimejaribu kupanga jibu kwa Kiswahili. Nakubali — lakini hilo naweza kulisema kwa huruma tu, kesho nikalijutia. Naamini — hilo nililisema kwa kucheka. Natafuta neno moja la kubeba yote mawili, silioni, na mi Kiswahili ndicho ninachojidai nacho dunia nzima. Yule binti wa Nazareti hakuwa na hata koti la kusingizia.

Bado sijui mtoto ni wa nani. Bado naogopa siku atakapofanana naye. Hakuna kilichobadilika tangu Jumanne, hata kimoja.

Kutoka dirishani namwona Jeska amesimama na furushi kichwani, hajaenda, hajakaa. Wazee wanatazama mlango huu. Mama hautazami. Mama amesogea kwenye benchi mpaka mwisho kabisa, nusu yake iko hewani, na anapangusa kwa kitenge chake ile sehemu aliyoacha. Si nafasi ya mtu mmoja, ni ya wawili.